Kutoka Helsinki hadi Mpanda: Athari za Kazi za Arvi Hurskainen katika Utafiti wa Kiswahili

Swali la namna ya kupima mchango wa mtaalamu wa insia za kidijiti halijapata jawabu linaloridhisha. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachohusisha idadi ya makala za mtaalamu na idadi ya mara zilizorejelewa na wenzake. Tangu hapo vyuo vikuu vingi vimekitumia katika kuamua nani apandishwe cheo na nani asubiri. Kipimo hicho ni chepesi kukokotoa, na yamkini wepesi huo ndio uliokipa umaarufu. Kwa mtaalamu aliyeandika makala tu kinaweza kutosha. Kwa mtaalamu aliyeunda programu, akakusanya matini na kuzihifadhi, au akarekodi sauti za wazee na kuzinakili, hakitoshi, kwa kuwa anayetumia zana aghalabu hamtaji aliyeiunda. Seremala hamtaji mhunzi aliyefua tezo lake.

Mhadhara huu unazitazama kazi za mtaalamu mmoja, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, ambaye jina lake limeambatana na Kiswahili katika kompyuta kwa takribani miongo minne. Unazitazama kutoka Mpanda na mkoa wa Katavi, mbali na mwambao ambako sauti za kumbukumbu zake zilirekodiwa, na mbali zaidi na Helsinki ambako programu zake ziliandikwa. Uchaguzi huo una sababu. Zana ya lugha inapotumika kwa matini zilezile iliyotengenezewa, kila mtu huiona kuwa nzuri. Ubora na upungufu wake hudhihirika inapopelekwa kwa wasemaji ambao haikuwafikiria.

Mtaalamu na zana zake

Hurskainen hakuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1984 alichapisha utafiti wa kianthropolojia kuhusu jamii ya wafugaji wa Parakuyo nchini Tanzania, kazi iliyohusu ng'ombe, ukoo na mpangilio wa jamii. Inafaa kulikumbuka jambo hili, maana wapo wanaodhani kwamba insia za kidijiti ni kazi ya wahandisi waliopotea njia. Mwaka 1985 alianza kazi ya kuifundisha kompyuta kuchanganua maneno ya Kiswahili. Miaka miwili kabla ya hapo, huko huko Helsinki, Kimmo Koskenniemi alikuwa ametoa nadharia yake ya mofolojia ya viwango viwili, na nadharia hiyo ndiyo iliyoupa mradi wa Kiswahili msingi wake.

Nadharia yenyewe si ngumu kueleweka kwa anayejua Kiswahili. Katika kiwango cha kwanza kuna viambishi na mizizi kama vilivyo katika akili ya mwanasarufi: *ki* na *ombo*, *vi* na *ombo*, *wa* na *alimu*. Katika kiwango cha pili kuna maneno kama yanavyoandikwa: *chombo*, *vyombo*, *walimu*. Kanuni hukaa katikati na kueleza lini irabu mbili zinaungana, lini irabu inageuka kuwa nusu irabu, na lini konsonanti inabadilika. Kompyuta iliyopewa orodha ya mizizi pamoja na kanuni hizo inaweza kulitazama neno *hawatakuja* na kuligawa katika *ha*, *wa*, *ta*, *ku*, *j* na *a*, kisha ikaeleza kwamba kuna ukanushi, nafsi ya tatu wingi, wakati ujao, kiambishi kinachoubeba mzizi mfupi, mzizi wenyewe na irabu ya mwisho. Mtoto wa shule ya msingi hulielewa neno hilo bila jitihada. Kwa mashine ya miaka ya 1980, iliyozoea lugha ambazo neno hubadilika kidogo tu mwishoni, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mfumo huo Hurskainen aliueleza mwaka 1992 katika jarida la Nordic Journal of African Studies.

Tatizo lililofuata lilikuwa la utata. Neno *paa* laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, laweza kuwa mnyama wa porini, na laweza kuwa kitenzi cha kwenda juu. Programu inayochanganua neno pekee italeta maana zote na kumwachia msomaji achague. Katika mkutano wa isimu ya kompyuta uliofanyika Copenhagen mwaka 1996, Hurskainen alionyesha namna ya kupunguza utata wa aina hiyo katika lugha za Kibantu kwa kutumia sarufi ya vizuizi, mbinu iliyobuniwa na Fred Karlsson, Mfini mwenzake. Upatanisho wa kisarufi hapa hugeuka kuwa ushahidi. *Paa la* ni la nyumba, kwa sababu ngeli inasema hivyo. *Paa wa* ni mnyama, kwa sababu viumbe hupatanishwa kwa namna yao. *Wanapaa* ni kitenzi. Jambo ambalo wanafunzi wa kigeni hulilalamikia kuwa mzigo wa Kiswahili likawa ndilo linaloisaidia mashine kufahamu maana.

Kutokana na sehemu hizo ulikua mfumo uitwao SALAMA, ulioelezwa katika makala za mwaka 1999 na 2004, na uliokusudiwa kuwa ghala la zana nyingi: kukagua tahajia, kuchopoa msamiati, kutunga kamusi, kutafsiri. Sambamba nao ilitoka mwaka 2004 Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, hazina ya matini ya maneno yapatayo milioni 12.5, iliyowekewa maelezo ya kisarufi kwa kila neno. Toleo la pili la mwaka 2016 lilifikisha maneno takribani milioni 25.

Athari zisizohesabika kwa marejeo

Kabla ya kongoo hiyo, mtaalamu wa kamusi alitegemea kadi zake, kumbukumbu yake na ubishi wa wenzake. Mwaka 1994 Hurskainen alichapisha jaribio la kuipima Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI ya mwaka 1981, kwa kuilinganisha kwa kompyuta na matini halisi. Jambo lililokuwa jipya hapa ni aina ya swali. Haikuwa tena kuuliza kama fasili fulani ni nzuri, bali kuuliza ni maneno gani watu wanayaandika kila siku ilhali kamusi haiyajui. Baada ya swali hilo kuulizwa, haikuwezekana tena kwa mhariri makini wa kamusi ya Kiswahili kufanya kazi kana kwamba halikuulizwa.

Athari nyingine ilipitia kwa wanafunzi. Seleman Sewangi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa BAKITA, aliandika tasnifu yake Helsinki mwaka 2001 kuhusu kuchopoa istilahi kutoka katika matini za taaluma mahususi kwa msaada wa kompyuta. Hoja iliyokuwamo katika kazi hiyo inastahili kuzingatiwa kuliko mbinu yenyewe. Kwa miongo mingi istilahi za Kiswahili zilidhaniwa kuwa ni vitu vya kubuniwa na kamati: wataalamu huketi, hupendekeza, husanifisha, huchapisha orodha, na orodha hukaa rafuni. Sewangi alionyesha kwamba matini zilizokwisha kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mfano zile za afya ya msingi, zina istilahi tele ambazo waandishi wamezitumia na wasomaji wamezielewa, na kwamba hazina hiyo ilikuwa imepuuzwa. Kompyuta haikuleta istilahi mpya hata moja. Ilisaidia kuziona zilizokuwapo. Huo ni mchango wa kiisimu, na pengine hata wa kisiasa, kwa maana unahamisha sehemu ya mamlaka kutoka kwa kamati kwenda kwa watumiaji.

Mwaka 2005 Wanjiku Ng'ang'a wa Kenya naye alikamilisha tasnifu Helsinki kuhusu kubainisha maana za maneno ya Kiswahili yenye utata, akiunganisha kanuni za SALAMA na mbinu za mashine kujifunza yenyewe. Mwaka uliofuata Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliitumia kongoo ya Helsinki kuifundisha kompyuta kutambua aina za maneno bila kuandikiwa kanuni. Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Kundi moja likaendelea kuandika kanuni kwa mkono. Kundi jingine likaona kwamba matini zikiwa nyingi mashine itajifunza yenyewe. Kundi la pili limeshinda kwa umaarufu, na mifumo mikubwa ya lugha ya leo ni wajukuu wake. Hurskainen hakuhama. Katika sura aliyoandika mwaka 2018 kuhusu teknolojia endelevu kwa lugha za Kiafrika, aliendelea kuitetea njia ya kanuni, hasa kwa lugha zisizo na matini nyingi. Wengi wa vijana wa fani hii wangeuona msimamo huo kuwa ukaidi wa mzee. Ukiutazama kutoka Katavi, hauonekani hivyo.

Katavi mbele ya kongoo

Katavi ulikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012 ulipofanywa mkoa kamili, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka kumi idadi imezidi maradufu, na ongezeko la namna hiyo halitokani na uzazi pekee. Watu wamekuja, na kuja huko si kwa leo. Misafara ya karne ya 19 ilipita kuelekea Ziwa Tanganyika. Karema, kando ya ziwa hilo, Wabelgiji waliweka kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikawa misheni ya Wamisionari wa Afrika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, nayo ikaleta vibarua. Wasukuma wameshuka na mifugo yao kutoka kaskazini kwa miongo kadhaa. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi Katumba na Mishamo, na kuanzia mwaka 2014 wakazi wa makazi hayo, pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, jumla yao takribani 162,000, walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Wenyeji walioupokea umma huo wana lugha zao. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, mpaka kati ya kanda mbili za lugha za Kibantu unapita katika eneo hili: Kitongwe na Kibende vimo katika kanda F, ilhali Kipimbwe na Kirungwa vimo katika kanda M pamoja na Kifipa cha upande wa kusini. Kikonongo, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa jamaa ya Kinyamwezi, kipo upande wa mashariki. Sokoni Mpanda, kwa hiyo, Mbende, Msukuma, Mfipa na mtu aliyelelewa kwa Kirundi hawana namna ya kuuziana mahindi isipokuwa kwa Kiswahili. Kiswahili hicho si cha kuazima kwa muda. Ndicho kinachotumika zahanatini, katika baraza la ardhi na katika ndoa za makabila mbalimbali, na wapo watoto wasiojua lugha nyingine.

Je, kongoo ya Helsinki inakifahamu Kiswahili hicho? Muundo wake unatoa jibu. Matini zake ni za magazeti na vitabu, na katika toleo la pili zikaongezwa kumbukumbu za Bunge. Magazeti huandika kuhusu Mpanda. Ni nadra kuandika kwa sauti ya Mpanda. Mwandishi akimhoji mkulima wa Majimoto, maneno ya mkulima yatanyooshwa na mhariri kabla ya kuchapwa, na kongoo itapokea Kiswahili cha mhariri.

Athari ya jambo hili si ya kinadharia. Chukua tena mfano wa *paa*. Katika Kiswahili cha maeneo mengi ya bara, upatanisho wa ngeli huelekea kupunguzwa, na si ajabu kumsikia mtu akisema *paa ya nyumba*. Msikilizaji haoni tatizo lolote. Kanuni ya mashine, ambayo imejengwa juu ya *la* na *wa*, inakosa ushahidi iliozoea kuutegemea. Na mfumo uliojifunza kutoka katika matini zilizonyooshwa utakutana na umbo ambalo haujafundishwa vya kutosha. Leo, wakati huduma za simu, za kilimo na hata za afya zinaanza kupitishwa kwenye mashine zinazosikiliza na kujibu kwa Kiswahili, mama wa Mishamo atakayeeleza homa ya mtoto wake kwa Kiswahili chake ana haki ya kueleweka bila kwanza kusahihishwa. Kongoo inayorejelewa kuliko kazi nyingine za Hurskainen ndiyo inayomsaidia kidogo zaidi mama huyo.

Haifai kuliweka jambo hili mabegani mwa mtu mmoja. Kati ya mwaka 1988 na 1992 Hurskainen, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Helsinki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisimamia mradi wa kurekodi lugha na fasihi simulizi kwa ajili ya kumbukumbu za kompyuta. Watafiti walikwenda uwandani, wakarekodi mazungumzo na simulizi, wakazinakili neno kwa neno. Huo ulikuwa Kiswahili cha kinywani hasa. Lakini ulikuwa wa mwambao na visiwa, kwa sababu elimulahaja ya Kiswahili, tangu enzi za wakoloni, imezihesabu lahaja kwa kuufuata ufuko: Kimtang'ata, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi. Kiswahili cha Tabora, cha Kigoma au cha Mpanda hakikuwa na jina la lahaja, na kisicho na jina hakipangiwi safari ya utafiti. Kosa hilo, kama ni kosa, ni la taaluma nzima, na wataalamu wa Kiafrika wamelirithi na kuliendeleza bila kusukumwa na mtu.

Kanuni za Kibende

Upande wa pili wa urithi wa Hurskainen, ule unaodhaniwa umepitwa na wakati, ndio wenye manufaa zaidi kwa Katavi. Kibende hakina magazeti. Kipimbwe hakina kumbukumbu za Bunge. Mashine inayohitaji mamilioni ya maneno ili ijifunze haitapata cha kujifunzia katika lugha hizi, na kungoja matini ziwe nyingi ni kungoja wazee wazikwe. Njia ya kanuni haidai mamilioni. Inadai vitu vitatu: orodha ya maneno, maelezo ya namna viambishi vinavyoungana na mizizi, na mtu anayeijua lugha atakayeketi na programu na kuikosoa.

Vitu viwili vya kwanza kwa sehemu vipo, ingawa vimetawanyika. Mtafiti wa Kijapani Yuko Abe aliufanyia Kibende utafiti wa miaka mingi, na msamiati wake wa lugha hiyo ulichapishwa Tokyo mwaka 2006. Kuhusu Kitongwe kuna hazina ya ajabu zaidi, iliyokusanywa na watu ambao hawakuwa wanaisimu hata kidogo. Wajapani waliowachunguza sokwe katika milima ya Mahale, jirani na Katavi upande wa Kigoma, tangu mwaka 1965 walitegemea Watongwe kuwaonyesha njia na kuwatajia miti. Mwaka 1981 Toshisada Nishida na Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, kwa lengo la kueleza sokwe wanakula nini. Mtunga kamusi wa Kitongwe leo atawashukuru sokwe. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao, katika atlasi yake ya mwaka 2009, uliziweka lugha hizi kwenye ramani pamoja na makadirio ya wasemaji wake. Na kwa Wapimbwe, Peter Mgawe na wenzake wameandika historia na utamaduni wa kabila hilo kwa Kiswahili, kazi iliyozaliwa katika eneo lenyewe.

Kwamba njia hii yawezekana kwa lugha nyingine za Kibantu hakuhitaji kubishaniwa. Hurskainen mwenyewe, akiwa na Riikka Halme, aliitumia mwaka 2001 kwa Kikwanyama cha Namibia na Angola, lugha ambayo maandishi yake hutenganisha viambishi ambavyo Kiswahili huviunganisha. Nchini Uganda, Fridah Katushemererwe alitengeneza mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Runyakitara, na tasnifu yake ya mwaka 2013 iliuelekeza mfumo huo kwa wanafunzi wanaotaka kujifunza lugha ya wazazi wao. Lengo hilo linafanana na hali ya Mpanda kuliko lengo la kutafsiri magazeti.

Kitu cha tatu, yaani mtu, ndicho kigumu. SALAMA ilichukua miongo, na ilikuwa na profesa, wanafunzi wa uzamivu na maabara. Mwalimu wa sekondari mjini Mpanda anayekijua Kibende hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana kitu ambacho Helsinki haikuwa nacho, nacho ni uwezo wa kusema mara moja, bila kufungua kitabu, kama umbo lililotolewa na kanuni linasemwa au halisemwi. Kazi ya namna hiyo ianze na viambishi vya nomino, kwa kuwa ni vichache na vinahesabika, kisha mabadiliko ya sauti yanapokutana na mizizi inayoanza kwa irabu, kisha vitenzi, ambavyo vitachukua muda mrefu kuliko vingine vyote. Katika hatua ya kwanza tu yatatokea maswali ya tahajia ambayo hakuna kamati iliyoyaamua. Jina lenyewe la mkoa ni mfano: nyaraka za serikali huandika Katavi, ilhali simulizi za mwindaji ambaye mzimu wake unasemekana kukaa katika mkwaju karibu na ziwa lenye jina hilo humtaja pia kama Katabi. Mwandishi wa kanuni atalazimika kuamua kama hayo ni maneno mawili, au ni neno moja katika vinywa vya majirani wawili, na ataweza kuamua hivyo baada tu ya kuwasikiliza wote wawili.